Mbona Tunaenda Polepole? Sikio, Spidi na Safari ya Watoto Kutoka Kilosa Hadi Pwani

Shule zikifunga kwa mapumziko ya Pasaka, mzazi wa Kilosa mwenye gari, au mwenye shemeji mwenye gari, hana pa kujificha. Watoto wanataka bahari. Njia fupi ya kwenda Morogoro inapita Rudewa na Dumila, na mtu mwenye haraka zake angepita huko. Watoto hawana haraka hiyo. Wanataka waone tembo kwanza, halafu ndiyo Bagamoyo. Basi gari linaelekea kusini, linapita Ulaya (ndiyo, Ulaya ipo wilayani Kilosa, na kila mtoto anayepita pale lazima atangaze kwamba amefika Ulaya bila pasipoti), linatokea Mikumi mjini na kuikamata barabara kuu iendayo Morogoro.

Ndani ya gari hilo kuna mambo matatu ambayo karibu lazima yatokee. Mtoto mmoja atatapika. Mwingine atauliza mbona tunaenda polepole. Na yule mdogo kabisa atalia mpaka atolewe kiti cha nyuma aje apakatwe mbele na mama.

Ukiyatazama juu juu hayana uhusiano. Lakini yote matatu yanatokana na kitu kimoja ambacho watu wengi hatujawahi kukiwaza: mwili wa binadamu hauna kifaa cha kupima spidi. Tuna macho ya kuona mwanga, masikio ya kusikia sauti, ngozi ya kujua moto na baridi. Cha kupima spidi hakuna. Na safari yenye watoto ndiyo mahali ambapo kasoro hiyo inaweza kugharimu sana.

Spidi haisikiki

Tuseme sasa hivi umekaa Kilosa mjini, karibu na stesheni, unasoma makala hii kwenye simu. Dunia inakuzungusha kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,650 kwa saa. Wakati huohuo inakubeba kulizunguka jua kwa kama kilomita 107,000 kwa saa. Unasikia nini? Hakuna kitu. Hata chai imetulia kikombeni.

Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1632. Alisema ukijifungia kwenye chumba cha chini cha meli inayokwenda mwendo uleule kwenye bahari tulivu, hakuna jaribio lolote utakalofanya mle ndani la kukuambia kama meli inakwenda au imesimama. Maji yanayodondoka yatadondoka wima, na ukiruka utatua palepale uliporukia. Leo hatuhitaji meli. Panda treni ya SGR ifikapo kilomita 160 kwa saa, funga macho: kama reli imenyooka, utadhani umekaa sebuleni.

Mwili unachokihisi ni *mabadiliko* ya mwendo. Gari likiondoka unasukumwa kwenye kiti. Likifunga breki unainama mbele. Kwenye kona unamwegemea jirani. Kwenye fizikia tunayaita mchapuko, na kifaa cha kuyapima tunacho, kipo ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu inayosikia.

Kila sikio la ndani lina mifereji mitatu midogo iliyojipinda kama nusu duara, yenye majimaji, na kila mmoja umeelekea upande wake. Ukigeuza kichwa, mfereji unageuka nacho lakini majimaji yanachelewa kidogo, yanakunja vinyweleo vya seli zilizomo, na ubongo unapata taarifa: tunageuka. Pembeni ya mifereji hiyo kuna vifuko viwili vyenye vijiwe vidogo mno vya kalisi kaboneti, vilivyokaa juu ya kitu kama utando wa jeli. Gari likiondoka kwa kasi, vijiwe vinabaki nyuma kidogo na kuuvuta utando. Taarifa nyingine: tunakwenda mbele.

Unaweza kuona kanuni yenyewe jikoni. Chukua kikombe cha chai chenye majani yanayoelea juu, kizungushe taratibu mezani. Kikombe kinazunguka, majani hayazunguki. Endelea kuzungusha, baada ya muda chai inaanza kufuata kikombe na tofauti inapotea. Sasa simamisha ghafla: kikombe kimetulia, chai bado inazunguka. Hicho ndicho kinachowapata watoto wanapozunguka uwanjani na kuanguka wakicheka. Majimaji yaliyoko masikioni bado yanazunguka wakati wao wameshasimama.

Kumbuka hilo la chai kufuata kikombe. Mwendo ukidumu vilevile, sikio linanyamaza.

Anayetapika, na asiyetapika

Turudi kwenye gari. Mtoto wa darasa la tatu amekaa nyuma, ameinamia simu ya mama akiangalia katuni. Masikio yake yanauambia ubongo: tunapanda, tunashuka, kona kushoto, shimo. Macho yake yanasema: hakuna kinachotembea hapa, skrini imetulia. Ubongo unapokea ripoti mbili zinazopingana kuhusu mwili mmoja, dakika baada ya dakika. Matokeo unayajua: mate yanajaa, uso unapauka, miayo, jasho la baridi, halafu "Mama, nataka kutapika", na kwa kawaida taarifa hiyo huja sekunde mbili kabla ya tukio lenyewe.

Kwamba sikio ndilo mhusika tunalijua vizuri, na mojawapo ya ushahidi mzuri ulitolewa na wanaume 11 viziwi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeshi la Wanamaji la Marekani na NASA walikuwa wanatafuta kujua mwili utavumiliaje safari za anga. Waliwachukua wanaume kutoka Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington. Karibu wote walikuwa wamepoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo ilikuwa imeharibu na mifereji ile ya ndani ya sikio. Waliwazungusha, wakawarusha kwenye ndege, na safari moja wakawapeleka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, mawimbi yakiwa makali. Viziwi walikaa wakacheza karata. Watafiti ndio waliougua, mpaka jaribio likasitishwa.

Kwa nini tumbo liadhibiwe kwa ugomvi wa macho na sikio? Mwaka 1977 Michel Treisman, mwanasaikolojia wa Oxford, alipendekeza maelezo ambayo mpaka leo yanajadiliwa. Kwa mamilioni ya miaka mababu zetu hawakuwa na magari. Kitu cha kawaida kilichoweza kuvuruga maelewano ya macho na sikio kilikuwa sumu, labda uyoga mbaya au tunda lililooza. Kwa hiyo ubongo ukiona taarifa hazilingani unaamua: tumekula kibaya, toa nje. Wapo wanasayansi wasiokubaliana naye, lakini mimi naipenda hoja yake kwa sababu inaeleza kwa nini ugonjwa huu ni wa abiria. Wapagazi waliotembea kwa miguu njia hiihii ya Bagamoyo na Usagara katika karne ya 19 walipata tabu za kila aina. Henry Morton Stanley alipouvuka uwanda wa Mkata na msafara wake wakati wa masika ya mwaka 1871, matope na homa viliwamaliza. Kichefuchefu cha kona hakikuwemo. Mtu anayetembea, ubongo wake ndio unaotoa amri za mwendo, haushangazwi. Ndiyo maana pia dereva hatapiki: anajua kona inakuja kabla haijafika.

Umri nao una mambo yake. Mtoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kutapika kwa mwendo. Tatizo linapanda kuanzia kama miaka 6, linakuwa kali zaidi kati ya hapo na miaka 12, halafu linapungua kadiri mtu anavyokua. Kwa hiyo usimgombeze mkubwa kwa kumwambia "mbona mdogo wako katulia".

Dawa ya bure ni kumpa mtoto macho yanayokubaliana na masikio. Simu ikae kwenye mkoba. Akae mahali anapoona mbele au nje, atazame mbali, milima ya Rubeho au mstari ambapo nchi inakutana na mbingu. Dirisha lifunguliwe kidogo, harufu ya petroli na ya chipsi mayai itoke. Ale kidogo kabla ya safari. Tumbo tupu kabisa halisaidii, na tumbo lililoshindiliwa ndiyo balaa. Na beba kopo lenye mfuniko, maana tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ile mifuko laini ya konda imekuwa adimu.

Hapo Mikumi inasaidia bila kutegemea. Mtoto anayehesabu swala anaangalia mbali, nje, upande gari linakokwenda. Mpe hesabu: pundamilia alama moja, twiga tano, tembo kumi. Ni tiba nzuri kuliko katuni yoyote.

Kuna jambo lazima niliseme wazi. Wapo wazazi wanaowapa watoto wadogo dawa ya maji ya promethazini ili wasitapike, au kwa ukweli zaidi, ili walale safari nzima. Dawa hiyo hairuhusiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kudhoofisha upumuaji mpaka kuua. Na kama tulivyoona, mtoto wa umri huo wala hana shida na mwendo. Kwa mkubwa zaidi, muulize mfamasia au daktari kabla ya safari, siyo jirani.

Kibao kinasema 50, mwili unasema tumesimama

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Ina kilomita za mraba 3,230, na jina lake linatokana na mikumi, ile mitende mirefu ya porini. Barabara kuu inaikata katikati kwa kama kilomita 50. Ndiyo raha yake: huhitaji kulipa kiingilio ili umwone nyati, unapita tu. Na ndiyo shida yake, kwa sababu basi la Mbeya na semi la Zambia nalo linapita tu. Watafiti wamekuwa wakiandika kuhusu wanyama wanaogongwa hapa tangu miaka ya 1990, na nyani wakiwa miongoni mwao.

Barabara ina matuta, ina vibao. Bado miguu ya madereva inashindwa. Kwa nini?

Kumbuka kikombe cha chai. Dereva aliyekaa kwenye kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu, sikio lake limenyamaza zamani. Macho nayo yamezoea. Miaka ya 1960 watafiti waliwapa madereva kazi rahisi: endesha kwa kasi kubwa kwa muda, halafu shuka mpaka mwendo fulani mdogo *bila kuangalia mshale*. Walishuka, wakaridhika, na mshale ukaonyesha bado wanakwenda kasi kuliko walivyodhani. Tena kadiri walivyokuwa wamekaa muda mrefu kwenye kasi kubwa, ndivyo walivyokosea zaidi. Kwa dereva aliyetoka Iringa, 50 ya Mikumi inahisi kama gari limezimika.

Anayetoka Kilosa ana mtego wa aina nyingine. Kwenye barabara mbovu, 40 inatikisa mpaka meno. Ukiingia lami laini, mtikisiko unakatika na kelele inapungua. Kwa mwili hizo ndizo zilikuwa dalili za spidi, na sasa zimeondoka. Unaweza kufika 90 ukijihisi umepumzika. Halafu uwanda wa Mkata uko wazi, miti iko mbali. Kijijini nyumba zilizo karibu na barabara zinapita kwa kasi pembeni ya jicho, zinakustua. Uwandani hakuna kinachopita karibu, kwa hiyo jicho nalo linasema taratibu tu.

Tufanye hesabu sasa. Dereva wa kawaida akiona kitu, inapita kama sekunde moja na nusu kabla breki hazijaanza kushika. Nachukulia lami kavu na matairi mazuri, gari linapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kwa kila sekunde.

Kwa kilomita 50 kwa saa, unatembea mita 21 kabla ya breki, halafu mita 14 za breki. Jumla 35. Kwa 80, ni mita 33 kabla ya breki na 35 baada yake, jumla karibu 69. Kwa 100, ni 42 na 55, jumla 97, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Spidi imeongezeka mara mbili, umbali wa breki umeongezeka mara nne. Mvua ya Aprili ikinyesha, ongeza tena.

Ila jumla hizo zinaficha jambo la kutisha zaidi. Swala ametokea mita 35 mbele. Dereva wa 50 anasimama, pua ya gari ikimgusa. Dereva wa 80, kwenye umbali huohuo, breki zake zimeshika kwa mita moja na ushee tu. Anamgonga akiwa na spidi kama 78. Dereva wa 100 hajagusa breki kabisa. Mita 35 zimeisha akiwa bado kwenye ile sekunde moja na nusu ya kuona na kuamua. Anagonga na 100 yake nzima.

Na swala ni mdogo. Twiga dume anaweza kuzidi kilo 1,000, na uzito huo wote uko juu ya miguu mirefu, juu ya usawa wa boneti. Gari dogo linakata miguu, mwili unakuja kwenye kioo cha mbele na paa. Sweden wana tatizo la namna hiyohiyo kwa mnyama wao mkubwa wa jamii ya kulungu, mpaka watengeneza magari wa kule wametengeneza mnyama wa bandia wa kugongesha kwenye majaribio. Swala naye, ukimwona mmoja amevuka, usikanyage mafuta. Anayefuata kwenye kundi hakuangalii wewe, anamwangalia mwenzake.

Usiku, ukiwa umeshusha taa kwa ajili ya gari linalokuja, unaona mita chache kuliko unazohitaji kusimama. Nyati ni mweusi. Safari ya watoto ipitie hapa mchana, basi.

Sasa mtoto anauliza: mbona tunaenda polepole? Mjibu kwa namba. Kilomita 50 za hifadhi kwa spidi ya 100 ni nusu saa, kwa 50 ni saa nzima. Tofauti ni dakika 30, ambazo atazitumia kuhesabu twiga. Na mwambie asitupe ndizi wala biskuti dirishani. Nyani akijua kwamba barabara ni mgahawa hahami, na watoto wake watajifunza kukaa hapohapo kwenye lami.

Kwenye mapaja ya mama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni sehemu ya safari ambayo hatuioni kama hatari. Kupakata ni upendo. Mtoto analia nyuma, mama amekaa mbele, mikono yake ina nguvu, anambeba kila siku. Ameshamshika.

Gari likienda 50, kila kilichomo kinakwenda 50: kiti, mama, mtoto, chupa ya maji iliyo kwenye dashibodi. Hakuna anayesikia. Gari likigonga kitu kikubwa, bodi inasimama ndani ya kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini hakuna aliyemwambia mtoto asimame. Yeye anaendelea na 50 yake mpaka kitu kimzuie. Kitu hicho kitakuwa nini, ndiyo habari yote.

Tuseme mtoto ana kilo 10. Ili mikono ya mama imsimamishe katika muda huo mfupi, inabidi ivute kwa nguvu ya kama newtoni 1,400. Ni sawa na kushikilia mzigo wa kilo 140, yaani gunia la mahindi la kilo 100 na karibu nusu ya jingine, unaodakwa ghafla bila taarifa. Hakuna mama wala baba anayeweza. Na kama mama mwenyewe hajafunga mkanda, naye anakwenda mbele na kilo zake 65, na mtoto yuko kati yake na dashibodi.

Ukitaka picha nyingine: kusimamishwa ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita 10, dirisha la ghorofa ya tatu hivi. Hakuna mzazi anayeweza kumkalisha mtoto kwenye dirisha hilo akasema nimemshika. Kutoka 100, urefu ni karibu mita 40. Ile kanuni ya mara nne tena.

Mkanda na kiti cha mtoto havina uchawi. Vinamfunga mtoto kwenye gari, ili boneti inapojikunja na kuchelewesha kusimama, na yeye acheleweshwe pamoja nayo, na nguvu itawanyike kwenye mabega na nyonga badala ya kichwa na shingo. Shirika la Afya Duniani linasema viti hivyo vikifungwa vizuri vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa asilimia 71.

Najua bei. Kiti cha mtumba ni nafuu, lakini uliza kama kimewahi kuwa kwenye ajali, na kagua plastiki kama ina nyufa. Kikae nyuma. Kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma kisifungwe kamwe kiti cha mbele chenye eabegi, maana mfuko ule unafumuka kwa kasi na kukipiga kiti chenyewe. Mtoto anayejikalia, akae nyuma na mkanda *wake*, sehemu ya chini ikikaa kwenye nyonga na siyo tumboni. Mkanda wa mtu mzima unamkaa vizuri akifikia urefu wa kama sentimita 135 hadi 150. Usifunge mkanda mmoja ukawazunguka mama na mtoto: gari likisimama, mama ndiye atakayembana mtoto kwenye mkanda. Na kama kweli hakuna kiti cha mtoto kabisa, mama aende nyuma naye, afunge mkanda wake mwenyewe, na dereva apunguze mwendo. Hatari haijaisha hapo, imepungua tu.

Na anapolia? Simamisha gari. Mikumi mjini pana pa kusimama, Morogoro pia, Chalinze ndiyo usiseme. Anyonye, atembee, arudishwe kwenye kiti chake.

Bagamoyo, usiku

Kutoka Chalinze unaweza kupanda hadi Msata ukakata kulia kwenda Bagamoyo, kilomita 64 za lami, bila kuonana na foleni ya Kibaha. Mwambie mtoto kwamba maji ya mto Mkondoa aliyoyaacha Kilosa nayo yanakuja huku: yanaingia uwanda wa Mkata, yanakuwa sehemu ya Wami, na yanamwagika Bahari ya Hindi upande wa Saadani, kaskazini ya hapo alipo.

Watacheza majini siku nzima. Usiku, taa zimezimwa, mmoja atasema kitanda kinayumba. Wengine watamcheka, halafu watafumba macho na kugundua kwamba na vyao vinayumba. Hawajaugua. Siku nzima mawimbi yamekuwa yakiwainua na kuwashusha kwa mpigo uleule, na ubongo, ukichoka kushangazwa, ukajifunza kuyategemea na kuyasawazisha mapema. Sasa wimbi halipo lakini ubongo bado unalisawazisha, kwa hiyo kitanda kilichotulia ndicho kinachoonekana kuyumba. Mabaharia wanaijua hali hiyo wanaposhuka bandarini. Kwa watu wachache sana, hasa watu wazima, huweza kudumu wiki na hapo ni suala la daktari.

Kwa mtoto, usingizi unatosha. Asubuhi kitanda kimesimama, na yeye ameshavaa kaptula ya kuogelea kabla chai haijachemka.